Miaka minane ya Obama Springfield: hesabu kabla ya hotuba

Akitajwa Barack Obama kwetu, hadithi huanzia Kogelo, kule Siaya, halafu inarukia Ikulu ya Marekani. Katikati hapo hurukwa miaka ambayo, kwa mtu anayetaka kuijua siasa ya Marekani kama kazi, ina mafunzo mengi kuliko mingine yote: Januari 1997 hadi Novemba 2004, alipokuwa seneta wa jimbo la Illinois. Hapa sisemi seneta wa Washington. Nasema mmoja wa maseneta 59 wanaokutana Springfield, mji mkuu wa jimbo, zaidi ya kilomita 300 kutoka Chicago kwa barabara.

Naandika nikiwafikiria hasa vijana wetu walioko huko ambao wameshapata uraia na wameanza kuombwa wasaidie kampeni za udiwani, bodi za shule na bunge la jimbo. Wengi huingia wakidhani siasa ni kusema vizuri. Obama alisema vizuri tangu mwanzo, na bado kwa miaka 6 ya kwanza hakufika mbali. Kilichomfikisha ni vitu vikavu zaidi: saini, mipaka, idadi ya kura, na nani ameshika kiti cha Rais wa Seneti.

Kwanza kiti chenyewe. Bunge la Illinois lina mabaraza mawili: Seneti yenye watu 59 na Baraza la Wawakilishi lenye watu 118. Mkenya atakimbilia kumlinganisha mtunga sheria wa jimbo na MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, lakini mamlaka yake ni makubwa mno kuliko ya MCA. Bunge hili ndilo linalotunga sheria ya jinai ya jimbo, linapanga fedha za shule, linasimamia bima na kuweka masharti ya leseni za kazi. Kesi nyingi za mauaji na wizi Marekani huhukumiwa kwa sheria za majimbo, si za taifa. Hata hivyo wabunge wengi wana kazi nyingine, maana vikao vikubwa ni vya Januari hadi mwisho wa Mei, kisha siku chache za Novemba kushughulikia miswada ambayo gavana ameipigia kura ya turufu. Obama alikuwa akifundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago na kufanya uwakili, akienda Springfield vikao vinapoitwa.

Sasa saini, maana hapo ndipo safari yote ilipoanzia, na ndipo wagombea wengi hadi leo wanapokwama.

Mwaka 1995 kiti cha eneo la 13, upande wa kusini wa Chicago kikiwemo kitongoji cha Hyde Park, kilikuwa cha Seneta Alice Palmer. Mel Reynolds, mbunge wa Washington kutoka eneo jirani, alikuwa akikabiliwa na mashtaka, na Palmer akaamua kugombea nafasi ile; baadaye Reynolds akatiwa hatiani, akajiuzulu. Obama akaanza kampeni ya kurithi kiti cha Palmer. Mchujo wa uchaguzi mdogo ulifanyika Novemba 28, 1995. Palmer akashika nafasi ya tatu, nyuma ya Jesse Jackson Mdogo na Emil Jones. Akabadili nia, akataka kubaki na kiti chake cha jimbo. Mwisho wa kurudisha fomu ulikuwa Desemba 18. Zilikuwa zimebaki wiki 3.

Ili jina liingie kwenye mchujo wa chama cha Democratic, mgombea wa kiti kile alitakiwa kuwasilisha saini halali 757 za wapiga kura waliojiandikisha ndani ya eneo. Obama alipeleka zaidi ya 1,500 mapema. Palmer alipeleka 1,580. Kwa macho ya kawaida Palmer alikuwa amepita mara mbili ya kiwango. Watu wa Obama wakakaa na daftari la wapiga kura, wakapitia karatasi mstari kwa mstari, wakaweka pingamizi. Ilipokaguliwa, karibu theluthi mbili ya saini za Palmer zilianguka, akawa amepungukiwa karibu 200. Alijitoa. Wengine waliotaka kugombea nao wakaenguliwa: Gha-is Askia aliyepeleka saini 1,899 alipungukiwa 69, na Marc Ewell aliyepeleka 1,286 alipungukiwa 86. Machi 1996 Obama akapita mchujo bila kupingwa, na Novemba akashinda kwa zaidi ya asilimia 80.

Saini 1,899 kuwa hazitoshi wakati zinatakiwa 757! Anayesoma kwa mara ya kwanza atadhani kulikuwa na hila. Ila ukiishika karatasi yenyewe ya saini unaelewa. Juu pana jina la mgombea, kiti anachogombea, chama, na tarehe ya uchaguzi. Chini yake ni mistari: saini, jina, anwani ya makazi, mji, kaunti. Chini kabisa pana kiapo cha mkusanyaji, ambaye anatamka kwamba saini zimewekwa mbele yake, kisha anatia saini mbele ya afisa wa viapo. Kila sehemu kati ya hizi inaweza kuua mstari mmoja au ukurasa mzima.

Mstari mmoja hufa kwa sababu nyepesi. Mtu ameandika jina lake kwa herufi kubwa zilizoachana ilhali kwenye daftari aliweka saini ya mwandiko wa kuunganisha, kwa hiyo havifanani. Au amehama, ameandika anwani mpya, lakini daftari bado lina ya zamani. Au anaishi ng'ambo ya barabara ambayo ndiyo mpaka wa eneo. Au mke amemwekea saini mumewe aliyeko kazini. Au ameshasaini karatasi za chama kingine msimu huohuo. Au hakujiandikisha kabisa, ila aliona haya kusema. Mwaka ule kulikuwa na jambo la ziada: daftari la Chicago lilikuwa limetoka kusafishwa, na katika eneo la 13 peke yake zaidi ya majina 15,000 yalikuwa yameondolewa. Mkusanyaji aliyetembea na orodha ya zamani aligonga milango ya watu ambao, kisheria, hawakuwa tena wapiga kura. Hili ndilo liliwaumiza walioharakisha.

Ukurasa mzima hufa kwa kosa la mkusanyaji. Kwa sheria ya sasa ya Illinois mkusanyaji lazima awe raia wa Marekani aliyetimiza umri. Hapa nawasihi ndugu zetu: mwenye kadi ya ukaazi asikubali kukusanya saini hata kama mgombea ni rafiki na ni Mswahili mwenzake. Asaidie kupika, kuendesha gari, kupiga simu. Karatasi atakayoapia itamponza mgombea na inaweza kumponza yeye mwenyewe siku ya kuomba uraia. Na mkusanyaji asiape karatasi ambazo mwenzake ndiye aliyetembea nazo. Wakaguzi wa upinzani hulitafuta kosa hilo kwanza, kwa sababu likithibitika linaondoa saini zote za ukurasa kwa mkupuo.

Leo kiwango cha kiti cha Seneti ya Illinois kwa vyama vikubwa ni saini 1,000, na zisizidi 3,000; cha Baraza la Wawakilishi ni 500, zisizidi 1,500. Muda wa kukusanya ni siku 90 kabla ya siku ya mwisho ya kurudisha. Pingamizi huwekwa ndani ya siku 5 za kazi baada ya hapo. Kampeni makini hulenga mara mbili hadi tatu ya kiwango, huchapa orodha mpya ya daftari kila wiki, na kila jioni mtu mmoja hukaa na karatasi za siku hiyo akafuta mwenyewe mistari mibovu. Kurasa hupewa namba mfululizo na kufungwa pamoja kwa kingo moja kabla ya kuwasilishwa. Wanaokuwa kwenye foleni siku ya kwanza saa 2 asubuhi huingia kwenye bahati nasibu ya jina la kwanza juu ya karatasi ya kura, ndiyo maana utawaona watu wanalala nje ya ofisi ya uchaguzi kwenye baridi.

Je, alichofanya Obama kilikuwa haki? Kilikuwa halali, na sioni kosa la kumtaka mwenzako atimize sheria uliyoitimiza wewe. Lakini wapiga kura wa eneo la 13 walifika kituoni Machi 19 wakakuta jina moja, na wengi wa wazee wa Hyde Park hawakulifurahia hilo kwa miaka. Deni la aina hiyo huja kudaiwa, na kwa Obama lilidaiwa mwaka 2000.

Alipoapishwa Januari 1997, alikuwa upande wa wachache. Chama cha Republican kilishikilia Seneti chini ya Rais wa Seneti James Philip, ambaye watu wote walimwita Pate. Hapa lazima ujue muswada unavyotembea. Mwenye muswada anaupeleka, unasomwa mara ya kwanza, kisha unakwenda Kamati ya Kanuni. Kamati hiyo iko mkononi mwa Rais wa Seneti. Isipoupeleka muswada kwenye kamati ya kisekta, muswada unalala pale hadi bunge linavunjwa. Hakuna mjadala, hakuna kura, hata sababu huandikiwi. Katiba inadai muswada usomwe kwa jina siku tatu tofauti katika kila baraza, lakini haisemi kwamba lazima usogee. Miswada mingi ya Obama ya miaka 6 hiyo iliishia hapo, kama ya wenzake wote wa upande wake. Anayeingia bungeni na orodha ya ahadi 20 bila kuuliza nani anaongoza Kamati ya Kanuni amewadanganya wapiga kura pasipo kukusudia.

Njia iliyobaki ilikuwa kufanya kazi na mtu wa upande wa pili. Mwaka 1998 Emil Jones, kiongozi wa wachache, alimkabidhi Obama mazungumzo ya sheria ya kuzuia zawadi kwa wanasiasa. Mzee Paul Simon, aliyekuwa seneta wa taifa, alikuwa akisukuma jambo hilo, na upande wa Republican alikuwepo Kirk Dillard. Kazi hiyo maveterani waliikwepa kwa sababu unawaomba wenzako wapunguze mlo wao wenyewe. Illinois ilikuwa imezoea mbunge kutumia fedha za kampeni kwa mahitaji yake binafsi na kupokea zawadi za washawishi bila kikomo cha maana. Sheria iliyopita ilipiga marufuku matumizi binafsi ya fedha za kampeni, ikabana zawadi, na ikataka taarifa za michango ziwasilishwe kwa kompyuta ili umma uzisome. Seneti ilipitisha kwa kura 52 dhidi ya 4.

Ziangalie hizo 52, halafu uangalie zilinunuliwa kwa nini. Wabunge waliokuwa na akiba ya kampeni kufikia Juni 30, 1998 waliruhusiwa kuendelea kuihesabu kama yao hata kwa matumizi binafsi. Bila kifungu hicho muswada ungekufa. Wapo waliomlaumu Obama kwa kukikubali. Mimi naona alikuwa sahihi, kwa sababu mlango ulifungwa kwa kila senti iliyoingia baada ya tarehe ile, na akiba ya zamani ingeisha yenyewe. Ila anayepatana namna hiyo sharti akieleze kifungu hicho hadharani yeye mwenyewe, kabla gazeti halijakieleza.

Kuna jambo jingine la Springfield ambalo lilikuja kumfuata hadi kampeni ya urais: kura ya njano. Mezani mwa kila seneta kuna vitufe vya kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa hapana, na njano kwa "nipo". Obama alibonyeza njano mara 129 katika kura zipatazo 4,000. Wapinzani wakasema alikuwa anakwepa. Lakini sheria ya Illinois haihesabu wingi wa waliopiga kura. Inataka wingi wa viti vyote. Muswada unapita kwa kura 30 kati ya 59, hata kama ukumbini wako watu 40. Kwa hiyo njano haisaidii muswada hata chembe. Kwa hesabu ni sawa na hapana. Tofauti yake ni ya kisiasa. Mara nyingine kundi zima lilikubaliana kubonyeza njano kuonyesha kwamba lengo ni jema ila sheria imeandikwa vibaya au itaanguka mahakamani. Katika miswada ya utoaji mimba, watetezi wa haki za uzazi wenyewe waliwaomba maseneta wapige njano ili wale wa maeneo magumu wasibaki peke yao. Tatizo ni kwamba mkakati unaoeleweka kwa watu 59 hauelezeki katika tangazo la sekunde 30. Kila njano inahitaji aya moja ya maelezo iliyoandikwa siku hiyohiyo na kuhifadhiwa, kwa maana miaka 8 baadaye hakuna atakayekumbuka ilikuwa ya nini.

Kutokuwepo kabisa ni kubaya zaidi. Desemba 1999 Gavana George Ryan aliita kikao maalumu kurejesha sheria ya silaha ambayo mahakama ilikuwa imeifuta. Obama alikuwa Hawaii na familia, mtoto wake mdogo akaugua, hakurudi kwa wakati. Muswada ukaanguka kwa kura chache. Katiba ya Illinois inasema sheria inayopitishwa baada ya Mei 31, ikitaka kuanza kutumika kabla ya Juni mwaka unaofuata, inahitaji tatu ya tano ya viti, yaani 36 badala ya 30. Ndiyo maana miezi ya mwisho wa mwaka kila kiti kina uzito kuliko Machi, na ndiyo miezi ambayo watu huenda likizo. Magazeti ya Chicago yalimshambulia vikali. Na wakati huo tayari alikuwa mgombea.

Alikuwa anamkabili Bobby Rush, mbunge wa Washington tangu 1993 na mwanachama wa zamani wa Black Panther, chama cha wanaharakati Weusi. Rush alikuwa ameshindwa vibaya na Meya Richard Daley mwanzoni mwa 1999, na Obama akasoma matokeo yale kama dalili ya udhaifu. Alisoma vibaya. Kushindwa umeya wa jiji zima hakumaanishi kupoteza nyumbani. Utafiti wa maoni ulipofanywa, baada ya kampeni kuanza, ulionyesha Rush anajulikana kwa takriban asilimia 90 ya watu na Obama kwa 11. Kipimo kama hicho hufanywa kabla ya kutangaza nia. Oktoba mwana wa Rush aliuawa kwa risasi, na kampeni ikasimama kwa heshima ya msiba. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia lawama juu ya baba mfiwa. Rais Bill Clinton naye akamuunga mkono Rush redioni. Machi 2000: Rush asilimia 61, Obama 30. Manung'uniko ya 1996 nayo yalikuwa bado yapo, pamoja na maneno kwamba huyu ni profesa wa Hyde Park na si mtu wa mtaani.

Lakini angalia kitu ambacho kinapita kimyakimya katika simulizi nyingi. Obama alishindwa na akabaki seneta wa jimbo. Palmer alishindwa na akapoteza kila kitu. Kwa nini? Vipindi vya maseneta wa Illinois hupangwa kwa zamu ya miaka 2 na 4 ndani ya muongo, ili wote wasigombee kwa pamoja kila mara. Kiti cha eneo la 13 kiligombewa 1996 kwa miaka 2, kisha 1998 kwa miaka 4. Mwaka 2000 hakikuwa kwenye karatasi ya kura, kwa hiyo angeweza kujaribu Washington bila kukiacha. Hali ikawa hivyohivyo 2004. Palmer yeye, kiti chake kilikuwa kinarudi sokoni palepale alipokuwa akitafuta kingine. Anayepanga kupanda aanze kwa kuandika miaka ambayo kiti chake kiko salama.

Kilichobadilisha kila kitu ni mipaka. Baada ya sensa ya 2000 maeneo ya uchaguzi yalipaswa kuchorwa upya. Illinois bunge likishindwa kukubaliana, kazi inakwenda kwa tume ya watu 8, wanne kila upande, na mara nyingi hufungana. Hapo Katibu wa Jimbo huchagua mjumbe wa tisa kwa kura ya bahati. Septemba 2001 Katibu huyo, Jesse White, alitumbukiza mkono kwenye kofia ndefu iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ya Rais Abraham Lincoln, akatoa karatasi yenye jina la Michael Bilandic, meya wa zamani wa Chicago, wa chama cha Democratic. Kwa karatasi hiyo moja chama chake kikapata haki ya kuchora ramani ya miaka 10. Naona ni utaratibu mbovu kwa watu milioni 12, lakini ndio uliokuwepo.

Obama aliketi kwenye kompyuta na mchoraji wa chama akasaidia kuchora eneo lake jipya. La zamani lilikwenda magharibi kwenye mitaa maskini. Jipya likapanda kaskazini kandokando ya Ziwa Michigan, kutoka Hyde Park hadi Gold Coast, mitaa ya matajiri wanaochangia kampeni. Bado lilikuwa na Waamerika Weusi wengi, ila sasa lilikuwa na Wazungu wenye fedha na Wayahudi wenye msimamo wa kiliberali. Ukitaka kujua alipataje mtandao wa wachangiaji wa 2004, tazama ramani ile. Na waliobaki magharibi mwa mstari, waliokuwa wapiga kura wake wa kwanza, wakapewa mtu mwingine. Hilo nalo ni sehemu ya hesabu.

Novemba 2002 Democratic wakatwaa Seneti. Januari 2003 Emil Jones akawa Rais wa Seneti, na Kamati ya Kanuni ikawa mkononi mwake. Obama akapewa uenyekiti wa Kamati ya Afya na Huduma za Jamii. Alikuwa amemwendea Jones na kumweleza waziwazi kwamba ana uwezo wa kumfanya mtu kuwa seneta wa taifa. Jones akamkabidhi miswada mikubwa, mingine ikiwa imebebwa na wenzake kwa miaka. Wapo waliokasirika, na naelewa hasira yao. Hata hivyo kupewa muswada si kuupitisha, na ule wa kurekodi mahojiano ya polisi ndio unaostahili kutazamwa kwa karibu kuliko yote.

Illinois ilikuwa imeua wafungwa 12 tangu kurejesha adhabu ya kifo, na katika muda huohuo watu 13 waliohukumiwa kifo wakabainika hawakustahili hukumu hiyo. Gavana Ryan alisimamisha utekelezaji wa adhabu hiyo Januari 2000, na Januari 2003, akiwa anaondoka, akawapunguzia adhabu wafungwa 167. Baadhi ya kesi zilitegemea maneno ya kukiri yaliyopatikana kwa mateso katika vituo vya polisi Chicago. Pendekezo lilikuwa polisi warekodi mahojiano ya mtuhumiwa wa mauaji tangu mwanzo. Waliopinga walikuwa wengi: polisi wakihofia gharama na watuhumiwa kukataa kusema mbele ya kamera, waendesha mashtaka wakihofia wauaji wa kweli kuachiwa kwa hitilafu ya mashine, na Gavana mpya Rod Blagojevich akasema hauungi mkono.

Tazama muswada ulivyojengwa ili kila hofu ipate jibu. Unahusu mauaji tu, si kila kosa. Rekodi inaweza kuwa ya video au ya sauti pekee, kwa hiyo kituo kidogo cha kijijini kinatimiza sheria kwa kinasa sauti. Unahusu mtu aliye kizuizini na anayehojiwa kituoni, si anayeulizwa barabarani. Yaliyokiriwa bila kurekodiwa huchukuliwa kwanza kuwa hayapokelewi mahakamani, lakini mwendesha mashtaka anaweza kuthibitisha kwamba yalitolewa kwa hiari, au kwamba kurekodi hakukuwezekana. Na sheria haikuanza mara moja; vituo vilipewa miaka 2 kununua vifaa na kufundisha askari. Kwa upande wa polisi Obama alitumia hoja moja waliyoikubali: kamera inamlinda askari mwaminifu dhidi ya uongo wa mtuhumiwa. Mikutano ilikuwa ya mezani, wiki baada ya wiki, akiwasikiliza waliompinga hadi mwisho kabla ya kujibu. Seneti ilipiga kura 58 kwa 0. Gavana akageuka, akasaini Julai 2003. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge. Alaska na Minnesota walilipata kwa amri za mahakama.

Mwaka huohuo ikapita sheria ya kuwataka polisi waandike asili ya kila dereva wanayemsimamisha, takwimu zikusanywe kuanzia Januari 2004, ili malalamiko ya watu weusi kusimamishwa ovyo yapimwe kwa namba. Muswada wa afya kwa wote haukwenda hivyo: ulianza kama ahadi ya jimbo kuwapatia watu wote bima, na ulipotoka 2004 ulikuwa umebaki kuunda kikosi kazi cha kuchunguza njia. Kampuni za bima zilikuwa na wanasheria wengi kuliko muda uliobaki.

Yaliyofuata yanajulikana. Machi 2004 alipata asilimia 53 katika mchujo wa Seneti ya taifa, huku Blair Hull, aliyetumia mamilioni ya dola ya mfuko wake, akiambulia takriban 11. Julai akahutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko Boston. Novemba 2 akamshinda Alan Keyes kwa 70 dhidi ya 27, akajiuzulu Springfield siku mbili baadaye.

Kiti kikiwa wazi Illinois hakiitishiwi uchaguzi mdogo papo hapo. Viongozi wa kata wa chama cha aliyeondoka hukutana ndani ya siku 30 na kumteua mrithi, kila mmoja akiwa na uzito wa kura kulingana na wapiga kura wa chama waliojitokeza katika kata yake. Anayetaka kiti cha namna hii hana haja ya kugonga milango elfu. Anahitaji kujua viongozi wangapi wa kata, wakijumlishwa, wanavuka nusu. Aliyeteuliwa ni Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti. Ndiye aliyeubeba Seneti muswada wa kufuta kabisa adhabu ya kifo Illinois. Januari 11, 2011 ulipita kwa kura 32 dhidi ya 25, mbili zaidi ya 30 zilizotakiwa, na Gavana Pat Quinn akausaini Machi 9.